Meza ya Dirishani

Mimi maziwa sinywi nikiwa nimekaa mezani. Nayanywa nimesimama, mlangoni au jikoni, haraka haraka kama mtu anayewahi basi. Wajukuu wananicheka, na binti yangu aliwahi kuniambia kwamba ni tabia mbaya mbele ya wageni. Nilimjibu kwamba mgeni asiyeweza kuvumilia kumwona mwalimu mstaafu akinywa maziwa amesimama, basi akanywe kwao. Sababu sikumwambia. Sijamwambia mtu yeyote, na pengine nisingeandika hata hapa, kama si simu iliyonikuta wiki mbili zilizopita nikichambua mbaazi uani. Alikuwa mtoto wa Emiliana, niliyesoma naye chuo, anapiga kutoka Katesh. Mama yake analetwa hospitali hapa mjini. Presha imepanda, miguu imevimba, hawezi kutembea. Miguu ile ya mbio! Niliacha mbaazi palepale kuku wakazila. Kesho yake nilichemsha maziwa, nikayatia kwenye chupa ya chai, nikachukua kikombe cha bati kabatini, nikapanda bajaji kutoka kwangu Bagara. Mlango wa wodi ulikuwa na nesi kijana, mtoto mwenye adabu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." "Saa hizi wanaingia ndugu tu. Wewe ni nani wake?" Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na sita, lakini neno la kumjibu sikuwa nalo.

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ambao hata wasiokuwepo wamesimuliwa: sukari kwa kibali, sabuni kwa bahati, mafuta ya taa kwa foleni. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Chai tulikunywa bila sukari na tukaiita chai ya kweli, kwa kuwa haikuficha kitu. Ugali ulikuwa wa unga wa njano, ule uliokuja kwa meli kutoka nje, na chuo kizima kiliamini kwamba unapunguza nguvu. Wavulana waliapa kwamba ukiula wiki mbili magoti yanalegea. Waliapa hivyo huku wanautafuna, maana hakukuwa na kingine. Lakini ndani ya bwalo letu kulikuwa na meza moja ambayo ilikuwa kama nchi ya jirani. Ilikaa chini ya dirisha linaloutazama Mlima Kwaraa, tukaiita meza ya dirishani. Viti kumi na viwili vya timu ya riadha, wasichana sita na wavulana sita. Kila asubuhi mbele ya kila kiti palikuwa na kikombe cha bati kilichojaa maziwa. Jumatano kipande cha maini. Jumapili yai, na yai lenyewe zima, si nusu.

Vitu hivyo alivitafuta Mwalimu Safari, mwalimu wetu wa michezo, kwa baiskeli yake, boma hadi boma kwa wafugaji wa njia ya Singida, na mpaka leo sijui aliwaambia nini wakakubali. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, filimbi shingoni hata kanisani. Meza yake ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: maziwa yananywewa mezani, ukiwa umekaa, na kikombe hakivuki mlango wa bwalo. Aliiweka baada ya wenzetu wengine kulalamika kwamba chakula cha timu kinazagaa mabwenini, mkuu wa chuo akatishia kuifuta meza yote. Ya pili ndiyo iliyotutawala: mwanamichezo akiandikwa kwenye daftari la wagonjwa pale zahanati, anaondoka mezani siku hiyohiyo, na wa akiba anakalia kiti chake. "Maziwa haya ni ya miguu inayokimbia," alisema. "Mgonjwa ana uji wake."

Wa akiba katika mbio za mita elfu moja na mia tano, upande wa wasichana, nilikuwa mimi. Nilikaa meza ya jirani, mgongo wangu ukikaribia kugusana na mgongo wa mwenye kiti, na harufu ya maini nilikuwa naipata yote bila kupungua. Mwalimu Safari hakuniita Lusia hata siku moja. Ilikuwa ni "Akiba, simama pale," "Akiba, shika saa," "Akiba, okota koni." Mama Josefa, mpishi, aliona kichekesho. "Akiba haiozi, mwanangu," aliniambia akinikwangulia ukoko kwenye sufuria. Nilimchukia kwa dakika moja hivi, kisha nikaupokea ukoko.

Mwenye kiti alikuwa Emiliana. Alitoka juu huko Mbulu, na bwenini tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Akicheka alifunika mdomo kwa kiganja kama bibi harusi. Akikimbia hakufunika chochote, alitupa miguu mbele utadhani ametumwa na mtu anayempenda. Kila Jumapili alirudi bwenini ngumi imefungwa, akaangalia mlangoni, akaifungua juu ya kitanda changu. Ndani ya leso nusu ya yai, limepondeka, limeingia nyuzi za leso. "Nimekuwekea nusu," alisema. Alikuwa anavunja sheria ya Mwalimu kila wiki kwa ajili yangu, na mimi nililila lile yai mpaka nyuzi.

Mjukuu wangu anayecheza netiboli chuoni alinipigia mwezi uliopita, ana karatasi ya maswali aliyopewa darasani. Anataka kujua wakati wetu wanamichezo tuliielewaje afya. Nilicheka mpaka nikakohoa. Afya, mama! Afya ilikuwa ni kutoandikwa. Ukipita mbele ya zahanati hujaandikwa, wewe ni mzima, hata kama umejishika ukuta. Na kila Jumamosi tulipelekwa kwenye ghala la ushirika kupimwa kwenye mizani ya mazao, ile ya kuning'inia. Tuliishika ndoano kwa mikono miwili, tukakunja miguu, na karani wa ghala akasoma kilo zetu kwa sauti ileile aliyosomea magunia ya mbaazi. Aliyepungua wiki mbili mfululizo alipelekwa zahanati, na zahanati kulikuwa na daftari. Na kuna jambo nitalisema wazi kwa kuwa nimezeeka na sina wa kumwonea haya. Wasichana wengi wa meza ile siku zao zilikatika. Mmoja mwezi, mwingine miezi miwili, Emiliana miezi minne. Tulifurahi! Pamba hakuna, vitambaa ni vya kuchana khanga kuukuu, sabuni ya kuvifulia hakuna. Tulisema mwili umekomaa sasa, umekuwa mwili wa mkimbiaji. Tulimpongeza Emiliana kwa kumpigia makofi, na nikikumbuka makofi yale natamani kujichapa.

Masika yalipoisha mbu walipanda kutoka kwenye ziwa la hapa mjini wakatukuta bwenini. Siku moja, saa ya mapumziko ya mchana, nimelala chali, niliona kitanda changu kinatetemeka. Hakikuwa changu. Tetemeko lilishuka kutoka juu kwa nguzo za chuma. Nikasimama, nikamkuta Emiliana amejikunja ndani ya blanketi, meno yanagongana.

"Emi, una homa."

"Ni baridi ya Kwaraa."

"Baridi gani saa saba mchana?"

Alifumbua macho. "Lusia, ukisema naondoka mezani. Na unajua nani atakaa."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukumbusha njia. Lakini maneno yale yalinifunga mdomo kuliko kufuli. Kama ningekwenda zahanati kusema, kesho yake ningekuwa nakunywa maziwa yake. Nani angeamini kwamba nimesema kwa upendo? Mimi mwenyewe nisingejiamini, maana kila asubuhi pua yangu ilikuwa dirishani. Basi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu nikakuita urafiki. Jumamosi alikuwa amepungua, nikamchotea maji, akanywa jagi zima nyuma ya ghala ili mizani imkubali. Maji yalimlia tumboni kama mtungi alipokuwa ananing'inia kwenye ndoano. Karani akasoma kilo zake, Mwalimu Safari akatikisa kichwa kwa kuridhika, na sisi wawili tukacheka njia nzima mpaka akatapika yale maji karibu na soko.

Sasa nifike kwenye ujinga wenyewe. Sisi wakimbiaji tulikuwa na dawa yetu: homa hutolewa kwa jasho. Unavaa sweta mbili, unajifunga blanketi kiunoni, unakimbia mpaka ngozi itoe maji, na homa inatoka nayo. Wengi waliapa kwamba iliwaponya. Wale ambao haikuwaponya hawakuwepo kutoa ushuhuda. Ijumaa iliyofuata, alasiri, nilimvalisha Emiliana sweta lake na langu, tukatoka kuelekea Maisaka. Mimi nyuma yake, yeye mbele, nampigia kelele kama mchunga ng'ombe: "Bado kidogo, Emi! Inatoka! Inatoka!" Haikuwa inatoka. Kwenye mwinuko nilimshika shingo nikaikuta kavu, inaunguza kama bati la paa. Alikwenda hatua kadhaa zaidi, akakaa chini katikati ya njia, akalala. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimekuwekea nusu."

Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nikamvua masweta, nikamfunga kwa blanketi mgongoni kama mtoto mchanga, nikainuka. Sikuwa na nguvu hizo. Unga wa njano haukunipa, na maini nilikuwa nimeyala kwa pua tu. Lakini niliinuka. Njia nzima nilisema neno moja kila hatua: hafi. Hafi huyu. Hafi. Watu walinipisha. Mama mmoja aliyekuwa anauza kambale akauliza tunatoka wapi, sikumjibu, akalitupa beseni lake akaja kunishikia miguu ya Emiliana mpaka mlango wa zahanati. Simjui jina hadi leo.

Nesi alifungua daftari. Emiliana, aliyekuwa hajanisikia njia nzima, alilisikia daftari. "Usiandike," alinong'ona.

"Andika, Sista," nikasema. "Andika kwa herufi kubwa."

Nesi alimpima, akamwekea dripu ya kwinini, akanivuta pembeni. Malaria imepanda kichwani, alisema, na damu imekwisha. Mngemchelewesha hadi kesho mngekuja kuchukua maiti. Kisha akaniangalia nilivyosimama na jasho langu, akapunguza ukali. "Akizinduka atahitaji kula. Maziwa, mayai, maini. Mimi hapa nina uji wa njano, binti, na hata huo ni nusu bakuli." Nilikaa kwenye benchi nikalia kwa hasira. Alipokuwa anakimbia akiumwa alipewa maziwa. Sasa ndiyo anayahitaji, na mtu aliyemnyang'anya ni mimi niliyemwandikisha.

Asubuhi bwaloni, kabla hata sijachukua sahani, niliisikia sauti. "Akiba! Kiti."

Nilikwenda nikakaa kwenye kiti cha Emiliana. Nilikuwa nimekiota kiti kile mwaka mzima. Kikombe kilikuwa mbele yangu, moto, kina utando wa krimu juu, na nitasema kweli: mate yalinijaa, mkono wangu ukakishika, na mdomo wangu ukakaribia. Nilikuwa na njaa ya miezi. Sitaki mtu asome hapa adhani nilikuwa malaika. Kilichonizuia ni ukingo wa kikombe. Ulikuwa na kibonyeo pale Emiliana alipozoea kuweka mdomo. Nikainuka nacho.

"Akiba, kaa."

"Naenda zahanati, Mwalimu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Mwenye kikombe ndiye anayeumwa."

Mwalimu Safari alisimama, filimbi ikamyumba kifuani. "Maziwa yananywewa hapa, ukiwa umekaa. Ukivuka mlango huo na kikombe, usirudi kwenye meza hii, wala uwanjani kwangu."

"Samahani, Mwalimu," nikasema, maana tulilelewa, na nikavuka. Uwanja ulikuwa na umande. Nilikwenda polepole, macho kwenye kikombe, sikumwaga tone. Emiliana alikuwa amezinduka, midomo imepasuka. Nilipomwinua kichwa alikataa kwanza.

"Wewe umekunywa?"

"Nimekunywa. Vilikuwa viwili."

Akanywa funda moja moja, ikachukua muda mrefu, na mimi nikahesabu kila funda. Niliporudi nilikuta adhabu yangu imeshatangazwa: kusugua masufuria jikoni kwa Mama Josefa hadi itakapoamriwa vinginevyo. Sawa. Nilisugua kwa mchanga mpaka kucha zikaisha, na sikujuta hata kidogo.

Jumapili Mwalimu alimwita wa akiba wa mkuki, Yasinta, msichana mpole ambaye sikuwahi kumsikia akibishana hata na mbuzi. Yasinta alikaa, akakitazama kikombe, akalitazama yai, akavichukua vyote viwili akatoka. Hakusema hata samahani. Jumatatu aliitwa mwingine, akatoka vilevile. Jumanne mwingine. Jikoni tulikuwa wanne sasa, masufuria yanang'aa kuliko ya mkuu wa chuo, na Mama Josefa anaimba kwa raha. Hatukuwa tumepanga. Wenzetu chuoni waliniuliza kama tulifanya kikao, kikao gani? Kila mmoja alikaa peke yake mbele ya kikombe kile, akaamua.

Jumatano hakukuwa tena na wa akiba. Kikombe kilibaki mezani mbele ya kiti kitupu, na maini pembeni yake kwenye kisahani. Wenye viti hawakugusa vikombe vyao. Mama Josefa alipita na mwiko, akakisogeza kikombe mbele ya Mwalimu Safari. "Mwalimu," alisema, "kinapoa."

Mimi nilikuwa nje, mikono ndani ya sufuria, nikawaona wenzangu wameacha kusugua. Mwalimu alikuwa anavuka uwanja. Kikombe mkono wa kulia, kisahani mkono wa kushoto, filimbi shingoni, na mtu yule wa hatua ndefu alikuwa anakwenda kwa vihatua vidogo vidogo, ametoa ulimi kidogo, asimwage. Alikaa zahanati muda mrefu. Alivyorudi alipita jikoni, akasimama mbele yangu. "Lusia," alisema. Nilitazama nyuma kuona anamwita nani. "Nilidhani nikiwa mkali hamtaumwa." Hakuomba radhi, walimu wa wakati ule hawakuomba radhi. Lakini jioni hiyo alisimama bwaloni akatangaza kwamba anayeandikwa zahanati kikombe kitamfuata huko, na anayekipeleka atakuta chake mezani. Wiki hiyohiyo watu watano wa meza ya dirishani walikwenda zahanati kwa miguu yao. Mmoja alikuwa anakohoa tangu Krismasi. Mvulana wa kuruka juu alivua raba, nesi akakimbia harufu. Kidonda kilikuwa kimefika mfupani naye alikuwa anaruka nacho. Watu wenye afya kuliko wote chuoni!

Mwalimu alinirudisha uwanjani, na kwenye mashindano ya vyuo nilikimbia mimi, kwa nafasi ya Emiliana. Nilikuwa wa nne, na wa nne hapewi kitu. Emiliana hakukimbia tena mbio za ushindani, lakini nywele zilirudi kung'aa, siku zake zikarudi, naye akaja kuniambia kwa kunong'ona bwenini, tukapiga makofi upya, safari hii kwa sababu iliyostahili. Alifundisha watoto wa Katesh kukimbia miaka mingi, akazaa watatu. Mjukuu wangu nilimwambia aandike kwamba kwetu afya ilikuwa kutoandikwa, halafu ikawa kuandikwa. Akasema, "Bibi, kwenye karatasi hakuna nafasi hiyo." Nikamwambia aandike pembeni.

Haya yote yalinipita kichwani pale mlangoni mwa wodi, nesi kijana ananisubiri. Rafiki? Kila mtu ni rafiki. Dada? Ningekuwa nadanganya. "Mama, nimekuuliza," alirudia kwa upole, "wewe ni nani wake?"

Sauti ikatoka ndani, nyembamba lakini ileile. "Sista! Huyo ni akiba yangu. Mwache apite."

Alikuwa ameketi kwa kuegemea mito, miguu imefunikwa khanga, imejaa kama ya mtu mwingine. Sikuitazama sana. Nilimuuliza kama daktari ameruhusu maziwa, akasema ameruhusu. Nikamimina kikombe kikajaa, nikamnyooshea nikiwa nimesimama. Hakukipokea.

"Wewe umekunywa?"

"Nimekunywa nyumbani."

"Muongo." Akafunika mdomo kwa kiganja, akacheka. "Na siku ile pia ulinidanganya. Eti vilikuwa viwili! Mkono ulionishika kichwa ulikuwa unatetemeka kwa njaa, Lusia. Nilijua. Nikanywa chote kwa sababu niliogopa kufa."

Zaidi ya miaka arobaini nilikuwa nimebeba kile kikombe peke yangu, maziwa nikiyanywa nimesimama, kumbe tulikuwa wawili. Machozi yalinitoka mbele ya wagonjwa wa watu.

"Acha kulia, umekuwa mtu mzima," alisema. Akanionyesha stuli kando ya kitanda. "Kaa hapo. Kunywa nusu kwanza, mbele yangu, nikuone. Halafu uniwekee nusu."

Nikavuta stuli, nikakaa, nikanywa.